Boksi Lililopita Saluni

Karani hakuwa na gari. Hakuwa na magego ya upande wa kushoto, hakuwa na mtoto wa kiume, hakuwa na shati ambalo halijapigwa pasi, na tangu mvua za mwaka uliopita hakuwa na bega la kulia la kulitegemea. Cheti cha shule ya mchana hakuwa nacho. Alisoma masomo ya jioni baada ya kazi, na vitabu vya wakati ule alikuwa bado anavyo, vimejalidiwa kwa magazeti. Neno "sijui" hakuwa nalo kabisa, na "nisamehe" alilisikia kwa wengine tu. Na mwezi ule, alipoketi barazani akitazama nyasi zilivyoota kando ya ua, aligundua kwamba hakuwa na mashine ya kukatia nyasi.

Kati ya hayo yote, aliona hilo la mwisho ndilo linaloweza kutibika.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa stoo ya vipuri. Lori likifika, madereva walijua watakaa. Karani hakupokea mzigo wowote kabla boksi halijafunguliwa na kila kilichomo kuitwa kwa jina, iwe injini, iwe boksi la chaki. "Mzee, si utie sahihi tu niende zangu," walimsihi. Alifungua. Wenzake walimwita Karani Najua, kwa sababu ukianza kumweleza jambo, hujafika katikati ameshasema "najua". Mara nyingi alijua kweli. Mara nyingine alirudi nyumbani, akafungua vitabu vyake kimya kimya mpaka akajua.

Tangu bega liharibike, nyasi zilikatwa na mkwe wake, mume wa Kitinda, binti yake wa mwisho. Alikuwa kinyozi, na watu wote walimwita hivyo hivyo, Kinyozi. Saluni yake ilikuwa ya viti viwili, karibu na duka la dawa. Kila Jumapili alikuja na mkoba wake, akamnyoa baba mkwe barazani, kisha akavua shati, akachukua fyekeo na kushuka bustanini akipiga mluzi. Mluzi ukianza, Karani aliingia ndani. Hakupenda kuonekana amekaa, huku mume wa binti yake anatoka jasho kwa ajili yake.

Kwa hiyo alikusanya vipeperushi vya maduka, akavaa miwani na kusoma. Mashine ya waya hapana: waya ungenaswa kwenye miti. Ya petroli hapana: kuiwasha ni kuvuta kamba, na kamba ingevutwa na bega lipi? Ilibaki ya betri, ambayo unabonyeza kitufe tu. Kwa mkewe alisema ameichagua kwa sababu haina kelele.

"Ya nini yote hayo?" mkewe aliuliza. "Si Kinyozi anakata?"

"Mkwe si kibarua."

"Amelalamika?"

"Hajalalamika."

"Basi anayelalamika ni nani?"

Karani akafunua ukurasa mwingine.

Kinyozi mwenyewe alifurahi kusikia habari hiyo. "Ila baba, ukifika dukani uishike kwanza, na betri ikiwa ndani. Mimi mashine ya kunyolea sinunui kwa macho. Mkono ukichoka, kichwa cha mtu kinaharibika."

"Najua."

"Nyasi nazo ni nywele tu. Tofauti ni kwamba hazikai kwenye kiti kusengenya watu."

Mkewe Karani alicheka. Karani hakucheka, maana la kuishika kwanza halikuwa limemjia.

Kinyozi alimpeleka dukani kwa pikipiki. "Nisubiri hapa nje," Karani akamwambia. Hakutaka mtu wa kumshauri mbele ya watu.

Mashine zilikuwa zimepangwa ukutani kuanzia ndogo mpaka kubwa. Binti wa duka alimwonyesha nyepesi, mpini wake unarefushwa na kufupishwa. "Hii wazee wengi wanaipenda, haichoshi."

Neno lile "wazee wengi" likamchoma. Akapita nyepesi zote, akasimama mbele ya iliyoandikwa volti nyingi kuliko zote. Bei yake ilikuwa nafuu kuliko alivyotegemea, na moyoni akajipongeza kwamba kusoma kunalipa.

"Hii," akasema.

"Sawa, mzee wangu. Hii ni mashine peke yake. Betri na chaja unavyo nyumbani?"

Karani alikuwa anasoma maandishi ubavuni mwa boksi. Swali hakulisikia lote. Alisikia tu kwamba anaulizwa kitu, kama mwanafunzi, na nyuma yake kulikuwa na foleni.

"Najua, binti. Ninavyo."

"Vya kampuni hii hii? Maana vya kampuni nyingine haviingii."

"Nimesema ninavyo. Mimi nimepokea mizigo tangu mama yako hajajua kutembea."

Watu wakacheka. Binti naye akatabasamu, akachukua kisu cha karatasi. "Basi nikufungulie tukague pamoja?"

Hapo ndipo Karani alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya stoo. Aliona akifungua, ataulizwa tena: hiki unakijua, kile unakijua? Na watu wote wale wanatazama.

"Usifungue," akasema. "Andika risiti."

Boksi na abiria havikuweza kukaa pamoja kwenye pikipiki. Karani akarudi kwa basi, Kinyozi akabeba boksi. Kwa kuwa wateja walikuwa wanamsubiri, alilishusha saluni, akaliweka nyuma ya pazia, na Jumapili akalileta likiwa na utepe wake wa gundi vile vile.

Jumapili ile baraza ilijaa. Shangazi, dada mkubwa wa Karani, alikuwa ameitwa makusudi aje kuona. Fundi Cherehani, jirani, alikuwa ameegemea ua na kikombe chake mkononi. Kitinda alikuwa jikoni na mama yake. Karani aliketi kwenye kiti, kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imeshanyolewa, mashine ya Kinyozi ilipokohoa na kuzimika.

"Betri imeisha, baba. Acha niichomeke ipate chaji kidogo. Wakati tunasubiri tufungue mzigo."

Karani akavaa miwani, akakata utepe. Alifanya kama stoo: alitoa kitu, akakiinua, akakiita.

"Mashine. Kishikio. Kinga. Uzi wa kukatia. Mkanda wa bega. Kijitabu."

Akaingiza mkono tena. Akaligeuza boksi, akalikung'uta. Kikaanguka kipande cha karatasi ngumu.

"Betri?" Shangazi akauliza.

"Labda imekwenda kunyolewa," Kinyozi akasema, na Fundi Cherehani akacheka mpaka kikombe kikamwagika.

Karani hakumwangalia mtu. Stoo, mzigo ukipungua, swali lilikuwa moja tu, na lilimtoka lenyewe, kwa sauti ile ile ya zamani.

"Boksi limepita wapi?"

Kicheko kikakatika.

"Limepita saluni, baba. Si unajua?"

"Saluni kwako kuna chaja ngapi?"

"Chaja?" Kinyozi akamtazama. "Baba, unasema nini?"

"Baba!" Kitinda alikuwa mlangoni, mwiko mkononi.

Wakati huo macho ya Karani yalikuwa kwenye ubavu wa boksi, mahali pale pale alipokuwa akisoma dukani. Chini ya picha ya mashine yenye betri, kulikuwa na mstari mdogo: betri na chaja huuzwa kando. Akaisikia sauti ya yule binti wazi kabisa, swali zima, neno kwa neno. Akaisikia na yake: ninavyo.

Angeweza kusema hapo hapo. Wangecheka, Kinyozi angepata mzaha wa mwezi mzima, na chai ingeletwa. Lakini dada yake alikuwa anamtazama, na jirani, na binti yake, na yeye amekaa pale na nusu ya nywele. Akaligeuza boksi, upande wenye maandishi ukawa chini.

"Sijasema umeiba," akasema. "Nimesema boksi limepita saluni."

"Ni yale yale," Kitinda akasema.

Shangazi akavuta pumzi. "Mimi siku zote nilisema, kazi ya kuingiza watu wa kila aina..."

"Shangazi, tafadhali!"

Kinyozi hakupandisha sauti. Alichomoa mashine yake ukutani, akapuliza nywele zilizoshika kwenye meno yake, na badala ya kuiweka mkobani akasimama nayo mkononi.

"Nikumalizie kichwa, baba? Sijawahi kumwacha mtu nusu."

Kama angemtukana, Karani angepata pa kushikilia. "Niache," akasema.

Kinyozi akamfungua kitambaa shingoni kwa upole kama kawaida, akakikunja. Kitinda akamrudishia mama yake mwiko. Wakaondoka kwa pikipiki, na chakula kilichopikwa siku hiyo kililiwa na Shangazi.

Karani alianza kuvaa kofia ndani ya nyumba. Kwa kinyozi mwingine asingeweza kwenda. Mtu akiona kichwa kile, swali la kwanza ni nani amekuacha hivi, na jibu lilikuwa limeshaenea mtaani. Alijaribu mkasi mbele ya kioo, akatengeneza shimo juu ya sikio. Mkewe alimwona. Alichukua ufagio akafagia zile nywele.

Jumapili iliyofuata mluzi haukusikika. Wala iliyofuata. Nyasi zikapanda.

"Karani, mnafuga nini humo?" Fundi Cherehani aliuliza juu ya ua. Kisha akashusha sauti. "Mzee mwenzangu, sipendi kupeleka maneno, lakini nilikwenda kunyoa. Saluni tupu. Nilipokaa, mtu mmoja akapita nje akaniambia, shika simu yako vizuri. Kwa mzaha, unajua. Kinyozi akacheka naye. Lakini mikono yake ilikuwa haichezi kama siku zote."

"Nani ameeneza?"

"Nani? Mimi nimenyamaza. Dada yako ana ndugu wengi wa kuwatembelea." Akanywa chai. "Inasemekana anatafuta mtu wa kumwachia vile viti viwili. Watahamia kwa ndugu yake, kule mbali. Na Kitinda, bila shaka."

Karani akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa na habari. "Najua," akasema. Na hakuwa anajua, na Fundi Cherehani aliliona hilo usoni mwake.

Kesho yake alirudi dukani, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Binti alikuwa pale pale.

"Betri na chaja," Karani akasema. "Vya ile mashine."

"Mzee wangu! Si nilikuuliza?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa kumhurumia, akamfungia vizuri kwenye mfuko, akamweleza jinsi ya kuchaji. Karani alisikiliza mpaka mwisho. Aliporudi nje alisimama kwenye kivuli cha ukuta akisubiri uso upoe.

Mkewe alikuwa kwa jirani. Karani alichaji betri chumbani mlango umefungwa, kisha akashuka nayo bustanini. Betri ilipoingia ndani ya mashine, mashine ikawa kitu kingine. Ilimvuta kwenda chini. Bega likaanza kuwaka kabla hata hajabonyeza kitufe. Alibonyeza, uzi ukalia, nyasi zikaruka, naye akayumba kama amesukumwa. Aliacha mstari uliopinda: mahali pengine udongo mtupu, mahali pengine majani marefu.

"Umezinyoa kama kichwa chako," mkewe alisema nyuma yake.

Akazima.

"Betri umepata wapi?"

Hapo Karani alikuwa na uongo ulioiva, alikuwa ameupika ndani ya basi. "Duka lilikosea. Wamenirudishia."

"Ooh. Duka." Mkewe akakaa kwenye kizingiti. "Basi nitakwenda kesho na Kitinda, tumlete huyo aliyekosea amwambie mkwe wetu mwenyewe. Maana mtoto wa watu ananyoa kiti kitupu kwa kosa la duka."

Mashine ilikuwa nzito mikononi. Karani aliiweka chini. Akamwona yule binti wa duka akisimamishwa mbele ya watu, akiulizwa kwa nini amekosea, na akisema, kama ilivyo haki yake kusema: lakini nilimuuliza.

"Usiende," akasema.

"Kwa nini?"

"Duka halikukosea." Akakung'uta nyasi zilizomshika kwenye suruali. "Niliulizwa. Nikasema ninavyo."

"Lini ulikumbuka?"

Hakutegemea swali hilo. Angeweza kusema leo. Angeweza kusema jana.

"Siku ile ile," akasema. "Boksi likiwa mapajani."

Mkewe alimtazama muda mrefu, na Karani aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika ndoa yao yote: mkewe alikuwa anamwonea aibu yeye, mumewe. Alisogeza macho pembeni kama mtu aliyefungua mlango akakuta mwenzake hajavaa.

"Na Kinyozi alitaka kukumalizia kichwa," akasema mwishowe. Akainuka. "Nenda ukamwambie."

"Nikienda nitafungua mdomo, na unajua wewe kitakachotoka. Nitaandika."

"Andika, basi. Lakini usiandike kwa Kiswahili chako kile cha sherehe. Andika kama mtu."

Aliandika mezani, mchana, dirisha wazi. Barua ya kwanza ilianza na salamu ndefu na kueleza habari za bega. Akaichana. Ya pili ilisema "kulitokea kutoelewana". Akaisoma kwa sauti, akaona inasema uongo kwa adabu. Akaichana nayo. Mwishowe aliandika kama alivyokuwa akiandika stoo mzigo ulipoleta matatizo, maana uandishi ule hakuwahi kuutumia kudanganya:

"Mkwe wangu. Boksi ulilobeba lilifika kamili kama lilivyotoka dukani. Halikupungua kitu njiani wala saluni. Betri haikuwemo tangu mwanzo, na mnunuzi aliulizwa kama anayo, akasema anayo. Aliambiwa boksi lifunguliwe, akakataa. Kosa ni la mnunuzi. Mnunuzi ni mimi. Nililijua kosa hilo siku ile ile barazani, kabla hujaondoka, nikanyamaza. Hilo ndilo baya kuliko la kwanza. Nisamehe. Naomba barua hii uisome kwa sauti saluni, watu wakiwepo, kisha uibandike kwenye kioo kwa muda utakaotaka. Sikuandikii kwa sababu ya nywele. Baba."

Neno "nisamehe" aliliandika kwa mkono mgumu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Hakuandika upya.

Kisha akamwita dada yake. Shangazi alikuja amejiandaa, akidhani kuna habari mpya za mwizi.

"Kaa, dada. Hakuna mwizi. Ni mimi mwenyewe sikununua betri, na nilijua siku ile ile nikakuacha uende na maneno."

Shangazi akajipiga paja. "Mimi nimekwenda nyumba ngapi mdogo wangu! Nimemwambia hata mama wa duka la dawa! Sasa huu uso wangu nitauweka wapi?"

"Uweke karibu na wangu. Nafasi ipo."

"Unanitania?"

"Sikutanii. Maneno uliyopeleka nilikupa mimi, kwa kunyamaza. Nakuomba upeleke na haya. Barua hii umpe Kinyozi mkononi, na ukae pale mpaka aisome."

"Mbele ya watu?"

"Wakiwepo. Kama hawapo, msubiri waje."

Shangazi alitazama sakafu. Alikuwa mkubwa kwake, alimbeba mgongoni utotoni, na Karani alimwona akizeeka pale pale kwenye kiti kwa sababu yake. "Na asiponifungulia mlango?" akauliza.

"Saluni haina mlango, dada. Ina pazia."

Shangazi alikaribia kucheka, akajizuia. "Vua hiyo kofia basi. Niende nimeona kitu halisi, wakiniuliza."

Karani akavua. Shangazi akashika mdomo.

Mkewe alileta bahasha. Karani akaikunja barua mara mbili, akaiingiza, akalamba ukingo na kuugandamiza kwa ngumi juu ya meza, mara moja, kama mhuri. Juu yake hakuandika cheo wala sifa. Aliandika "Kinyozi, saluni", akampa dada yake. Shangazi akaitia ndani ya mkoba, akaufunga zipu, akatoka bila kuaga, akapita kando ya zile nyasi zilizokatwa vibaya na kufungua geti.